Kabla Hujambebea Bibi Chupa ya "Kuongeza Kinga"

Hapa chuoni ukitamka neno sapu, kila mtu anawaza mtihani wa marudio. Ila kuna sapu nyingine zinazozunguka hosteli zetu: vidonge vya mlonge, unga wa majani uliofungwa kwenye kopo zuri, sharubati ya tangawizi na kitunguu saumu, kapsuli za mimea ya China. Zote zina ahadi moja: zinaongeza kinga ya mwili. Wanaoziuza mara nyingi ni wanachuo wenzetu walioingizwa kwenye biashara za kuunganisha watu. Wanaonunua ni sisi, boom likitoka, ili chuo kikifungwa tusifike nyumbani mikono mitupu.

Kwa tunaotoka Kondoa safari yenyewe siku hizi ni fupi. Unapanda basi Dodoma, kama kilomita 160 za lami, na mchana upo kwa bibi. Ukifungua begi unatoa chupa ya elfu thelathini, kwa sababu kwenye simu mama alisema bibi anakohoa tangu baridi ianze. Bibi anaipokea kwa mikono miwili, anakuombea dua, anaanza kunywa.

Kwamba unampenda hilo halina ubishi. Makala haya yanauliza jambo moja tu: ile chupa inakifanyia nini kifua chake? Ni swali la msingi, maana sisi ndio tunaoulizwa. Ukiwa chuo kikuu, hata kama unasoma sheria au jiografia, nyumbani wewe ni "msomi", na dawa uliyoileta wewe inaaminika kuliko ya dukani. Ukiikosea, gharama analipa mtu wa miaka 75.

Kifua cha mzee kina tofauti gani

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3 wa umri huo Tanzania. Wengi wanaishi vijijini, na si wachache wanalea wajukuu.

Kijana akivuta vumbi au virusi, njia zake za hewa zina ulinzi wa tabaka kadhaa. Kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi kwenda juu mfano wa ufagio. Kuna kikohozi chenye nguvu cha kuyatoa. Nyuma ya hapo kuna chembe nyeupe za damu zinazokumbuka adui wa zamani na kujifunza wapya. Umri unapunguza nguvu ya kila tabaka. Vinyweleo vinafanya kazi polepole, misuli ya kifua inalegea na kikohozi kinakosa msukumo. Tezi ya thimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ndiyo "shule" ya baadhi ya chembe hizo. Huanza kusinyaa mapema maishani, na uzeeni inabaki kidogo sana. Kwa hiyo mzee ana askari wengi wanaowajua maadui wa zamani, lakini wachache walio tayari kwa adui mgeni.

Ongeza sasa mazingira ya kwetu. Juni hadi Agosti usiku wa nyanda za kati una baridi kali, mchana upepo na vumbi. Jioni mlango unafungwa, kuni zinawaka ndani, na watoto waliokuwa shule na mafua wanalala chumba kimoja na bibi. Mwanamke aliyepikia kuni kwa miaka hamsini amevuta moshi mwingi, na mapafu yake yanaweza kuwa na hitilafu ya kudumu hata kama hajawahi kushika sigara.

Kuna na jambo la nne ambalo wengi hatulijui. Nimonia ya mzee mara nyingi haifanani na nimonia ya kwenye vitabu. Homa inaweza isiwepo kabisa, na kikohozi kikawa kidogo tu. Kinachoonekana ni kwamba babu ameacha kula, analala mchana kutwa, amedondoka akienda chooni, au ghafla anakuita kwa jina la mjomba wako. Nyumbani watasema "uzee tu huo". Kumbe mapafu yanajaa.

Mafua huondoka yenyewe

Kabla ya kuupima mmea wowote, tutenganishe vitu viwili ambavyo lugha ya mtaani inaviweka kapu moja la "kifua".

Cha kwanza ni mafua ya kawaida, yanayokaa puani na kooni. Husababishwa na virusi, na mwili huyamaliza wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10. Cha pili ni maambukizi yaliyoshuka hadi kwenye mapafu. Hayo ni nimonia, na kwa mzee yanaweza kuua kwa siku chache.

Sifa nyingi za dawa za mitishamba zinazaliwa kwenye hicho cha kwanza. Bibi anaanza mafua Jumatatu. Alhamisi, hali ikiwa mbaya kuliko siku zote, unamchemshia tangawizi, limau na kitunguu saumu. Jumapili amepona, na kila mtu anasema tangawizi imefanya kazi. Lakini kwa kalenda ya mafua, Jumapili angekuwa nafuu hata ungemchemshia maji matupu. Tunaanza dawa ugonjwa ukiwa kileleni, na baada ya kilele kinachofuata ni kushuka. Ndiyo maana watafiti wanagawa watu makundi mawili, kundi moja linapewa dawa na jingine kidonge kisicho na kitu, bila wenyewe kujua nani kapata nini. Pasipo kundi la pili huwezi kutofautisha kazi ya mmea na kazi ya siku.

Iliyopimwa na matokeo yake

Tuanze na kitunguu saumu. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu 146 kwa wiki 12. Nusu walimeza kila siku kidonge cha kitunguu saumu, nusu kidonge kitupu. Waliomeza kitunguu waliripoti mafua mara 24, wale wengine mara 65. Hiyo tofauti si ndogo. Ila wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walipotafuta tafiti nyingine za ubora huo za kuilinganisha nayo, kwenye uchambuzi wao wa 2014 walibaki na hiyo moja tu. Walioshiriki walijiripoti wenyewe, hapakuwa na kipimo cha maabara. Halafu ulikuwa utafiti wa mafua, haukuwa wa nimonia. Mtu anayekuambia kitunguu saumu "kinazuia nimonia kwa wazee" ameruka mito mitatu kwa hatua moja.

Asali ina hali nzuri kidogo. Mwaka 2020 watafiti wa Oxford walikusanya tafiti 14 wakaona asali inatuliza kikohozi cha mafua kuliko matunzo ya kawaida, ingawa tafiti nyingi kati ya hizo zilihusu watoto. Kwetu Kondoa asali si ya kutafuta, kwa hiyo kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu ni jambo la busara. Angalizo ni mawili: bibi mwenye kisukari aihesabu kama sukari, na mjukuu aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe kabisa, kwa kuwa inaweza kumletea sumu hatari ya bakteria.

Kwa wazee hasa, mmea uliopimwa kwa makini ni jinsengi ya Amerika Kaskazini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwahusisha wazee 198 wa nyumba za kulelea. Mafua makali ya influenza yaliyothibitishwa maabara yalimpata mmoja kati ya 97 waliomeza jinsengi, na 7 kati ya 101 waliomeza kidonge kitupu. Habari tamu. Lakini ulipofuata utafiti mkubwa zaidi, wa wazee 783 wanaoishi majumbani kwao, tofauti ya maambukizi yaliyothibitishwa maabara haikuonekana. Hiki ni kisa cha kukumbuka kila unapoona tangazo limeandikwa "imethibitishwa kisayansi". Muulize aliyeliandika: imethibitishwa mara ngapi, kwa watu gani, na dhidi ya ugonjwa upi?

Mlonge tusiuonee. Majani yake ni mboga nzuri, yana protini, madini na vitamini. Tatizo ni pale mtu anapochukua habari kwamba maji ya mlonge yameua bakteria kwenye kisahani cha maabara, akaigeuza kuwa tangazo la dawa ya kifua. Kwenye kisahani hata siki na sabuni zinaua bakteria. Mmea unaopita tumboni, kwenye ini na kwenye damu una safari ndefu kabla haujafika kwenye pafu.

Na kujifukiza? Mvuke unalegeza makamasi na unampa mtu raha ya muda. Tafiti za hewa ya moto yenye unyevu kwa wenye mafua hazikuonesha faida ya uhakika, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi la mzee mwenye mikono inayotetemeka ni ajali inayosubiri.

Tulishapita hapa

Kizazi chetu kimeliona jambo hili kwa macho. Mei 2020 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, alikwenda Madagascar na kurudi na shehena ya Covid-Organics, kinywaji kilichotengenezwa kwa mmea wa artemisia. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, nayo ilitoa kinywaji chake cha NIMRCAF, chenye viungo vya jikoni kama tangawizi na limau. Februari 2021, hapa hapa Dodoma, Waziri wa Afya Dkt. Dorothy Gwajima aliwaonesha waandishi wa habari namna ya kuandaa mchanganyiko wa tangawizi, vitunguu, limau na pilipili. Bei ya tangawizi na malimau sokoni tunaikumbuka. Julai mwaka huo huo chanjo zikaingia nchini, zaidi ya dozi milioni moja, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani.

Siandiki haya kumcheka mtu. Hofu ilikuwa kubwa, na kila nyumba ilikuwa inatafuta cha kushika. Ila artemisia hiyo hiyo ina somo tusilolitumia. Mmea huu ndio chanzo cha artemisinini, kiini cha dawa ya mseto ya malaria ambayo karibu kila mmoja wetu amewahi kuimeza. Mtafiti Tu Youyou wa China alianzia kwenye maandiko ya tiba ya kale, akatoa kiini chake, kikapimwa kiasi, kikajaribiwa kwa wagonjwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Lakini dawa ni kile kiini kilichopimwa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani ya artemisia kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha dawa kwenye kikombe hakijulikani na kikiwa kidogo kinawafundisha vimelea usugu. Kwa hiyo anayesema "mitishamba ni uongo" amekosea, na anayesema "ni mmea, basi inatibu" amekosea vilevile. Njia kutoka kwenye mti hadi kwenye dawa ipo. Inapita kwenye kupima.

Chakula kinashinda chupa

Kuna utafiti mmoja ningependa kila anayemuuzia mzee kopo la unga wa majani ausome. Ulifanyika Belfast, Ireland ya Kaskazini, ukachapishwa mwaka 2012. Watu 83 wa miaka 65 hadi 85 waliokuwa wakila matunda na mboga kidogo sana waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza liliendelea na sehemu 2 kwa siku au chini yake, la pili likala sehemu 5 kwa siku, kwa wiki 16. Katikati ya zoezi wote walichomwa chanjo ya bakteria wa nimonia. Waliokula sehemu 5 walitengeneza kinga zaidi dhidi ya bakteria hao. Ni utafiti mdogo, na ulipima kinga kwenye damu, haukuhesabu wangapi waliugua. Lakini unaelekeza jicho mahali pazuri: mimea ilisaidia ikiwa sahanini, na ilisaidia mwili kuitumia chanjo.

Sahani hiyo Kondoa ipo. Mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga, mchicha, mbaazi, karanga, ubuyu, ukwaju, papai, maembe msimu wake. Wazee wengi wetu wana upungufu wa chakula kuliko wa sapu: meno yameisha, hamu imepungua, na mtu anayekaa peke yake anakunywa uji asubuhi na kuunganisha hadi jioni. Ile elfu thelathini ukiigeuza mayai, mbaazi, mafuta ya alizeti na matunda laini, bibi anakula wiki kadhaa. Mlonge nao uko kwenye uzio wa watu wengi. Uchume, uupike kama mboga, bure.

Madhara yanapoanzia

"Ni ya asili, haina madhara." Sentensi hii ndiyo ya kuogopwa kuliko mmea wowote. Mzee wa miaka 70 mara nyingi tayari anatumia dawa ya presha au kisukari. Mlonge kwa wingi unaweza kushusha sukari na presha, na ukikutana na vidonge vya kazi hiyo hiyo mtu anaanguka. Kitunguu saumu na tangawizi kwa kiwango cha kapsuli vinaweza kuongeza kutoka damu kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini. Tangawizi ya kwenye chai haina shida hiyo. Shida ni kiwango kilichokolezwa.

Pili, huwezi kujua kilichomo kwa kuangalia picha ya jani kwenye lebo. Nchi mbalimbali zimekamata bidhaa za "mitishamba" zilizochanganywa kwa siri na dawa za hospitali, hasa steroidi. Hizo zinampa mzee nafuu ya haraka, hamu ya kula inarudi, huku zikiishusha ile kinga uliyolipia iongezwe. Dawa za asili hapa nchini husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chombo kilichotokana na Sheria Namba 23 ya mwaka 2002. Uliza namba ya usajili. Anayeuza kopo hosteli akianza kung'aka, umeshapata jibu.

Tatu, na hili ndilo linaloua: kuchelewa. Chupa ikishafunguliwa familia inaipa muda. "Ngoja amalize dozi." Siku tano zinapita, na kwa nimonia ya mzee siku tano ni nyingi mno. Au kikohozi kinafika mwezi, kumbe ni kifua kikuu. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na vipimo na matibabu yake ni bure kwenye vituo vya serikali. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi hakihitaji sapu, kinahitaji kipimo cha makohozi.

Ukifika nyumbani

Usianze kwa kumwaga chupa za watu. Mzee aliyejitibu kwa mizizi tangu ujana hatafundishwa na mjukuu wa mwaka wa pili. Msalimie, kaa naye, muulize kwa heshima: "Bibi, hicho kifua unakitumia nini?" Atakuambia kila kitu, na humo utajua kama anachanganya na vidonge vya presha. Akikuambia "hospitali nitapanga foleni na dawa niambiwe nikanunue", usimbishie. Msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza upo kisera, na vituo vingi vina dirisha la wazee, lakini dawa zinakosekana na kituo kinaweza kuwa mbali. Hapo ndipo pesa yako inapohitajika: nauli ya bodaboda, dawa iliyokosekana, mtu wa kumsindikiza.

Jifunze kuhesabu pumzi. Mzee akiwa ametulia, weka saa ya simu dakika moja na uhesabu kifua kinavyopanda. Zikifika 30 au zaidi, nendeni kituoni siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akichanganyikiwa ghafla, akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, midomo ikibadilika rangi, akikohoa damu, au akigoma kula na kunywa. Msipitie duka la dawa kununua vidonge viwili vitatu vya antibayotiki, maana dozi nusu inaacha ugonjwa na kuzaa usugu.

Moshi utoe nje. Hata kuhamisha jiko barazani au kufungua dirisha la pili kunasaidia. Mwenye mafua asilale na bibi, na mikono inawe kwa sabuni. Halafu hakikisha wadogo zako wamemaliza chanjo zao. Tanzania inachanja watoto dhidi ya bakteria wakuu wa nimonia tangu 2013, na bakteria hao hukaa sana kwenye pua za watoto. Marekani ilipoanza kuwachanja watoto mwaka 2000, ugonjwa huo ulipungua hata kwa wazee ambao hawakuchanjwa. Kadi ya kliniki ya mtoto anayelala na bibi ni ulinzi wa bibi pia.

Chai ya tangawizi iendelee. Inampa joto, inampa maji mwilini, na inamkalisha mjukuu karibu naye kwa nusu saa. Ukiwa hapo karibu, hesabu pumzi zake.